Nyumba Isiyojua Kuaga

Mtu asiyekukataa humshindi. Hilo nililijua nikiwa nimekaa kwenye mkeka wake, mjukuu wangu mgongoni, mikono yangu miwili iko huru na haina cha kusukuma. Adui anayekunja ngumi unamwona. Mlango uliofungwa unautafutia ufunguo, ukikosa ufunguo unautafutia nyundo. Lakini anayekuambia "umesema kweli kabisa" kila unapomtukana, huyo utamshika wapi? Nina stashahada ya ujenzi. Nimekagua majengo mengi, mengine nikayaandikia yabomolewe, na wenye nyumba wakaninunia mpaka leo. Chuoni tulifundishwa kwamba kazi ya ukuta ni kukataa. Unakataa upepo, unakataa mvua, unaukataa uzito wa paa usije ukawaangukia waliolala. Ukuta unaokubali kila kitu si ukuta. Ni kitu kingine, na jina lake hawakutufundisha.

Watu huiita Nyumba ya Mjibu. Haina mtaa wala namba, na hakuna anayekumbuka kupita mlangoni mwake. Kinachokuingiza ni kazi iliyokwama. Uko zako kwako, una shairi lisilotaka kuisha, au hotuba ya harusi ya mdogo wako, au programu ya kompyuta inayogoma. Unauliza kitu kimoja tu, kidogo, cha kukusogeza mbele. Kabla hujamaliza kuuliza umeshavua viatu, umeshakaa, unaambiwa karibu.

Binti yangu Siwema alikuwa anaandika programu ya zahanati, ya kuwakumbusha akina mama tarehe za chanjo za watoto wao. Kazi nzuri, nilimsifia. Siku ile alikuwa mezani, kompyuta mbele yake, mwanawe Chiku ananyonya huku mama mtu anaandika kwa mkono mmoja. Akaniambia, "Mama, nishikie huyu kidogo. Imebaki hitilafu moja." Nikampokea mtoto. Nilikwenda kumchukulia kitambaa, nikarudi, kiti kilikuwa kitupu na chai yake inatoa mvuke.

Chiku wakati huo hakuwa na jino hata moja. Nikasubiri. Likaota la kwanza, likaota la pili. Maziwa ya ng'ombe aliyatapika, ya kopo aliyatema, uji aliukubali kwa shida huku ananitazama kwa macho ya mtu aliyedhulumiwa. Mashavu yakaingia ndani. Kule zahanati nesi alimweka kwenye mizani, akaangalia, kisha akaniuliza:

"Mama yake yuko wapi?"

"Kuna kitu anauliza."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Bibi, huyu anataka ziwa la mama yake. Akiendelea hivi simwoni akifika mbali. Na mimi sina dawa ya hilo."

Sikulia barabarani. Nilirudi nyumbani, nikamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, nikatia tepu ya kupimia na timazi ya kunyooshea kuta kwenye mkoba kwa sababu sijui kwenda mahali bila vifaa vyangu, nikakaa kwenye kile kiti cha Siwema. Nikauliza kwa sauti: "Binti yangu yuko wapi?"

"Karibu sana," sauti ikasema. "Hilo ni swali zuri."

Nikawa nimeshaingia.

*

Sebule ile haikuwa na mwisho uliotulia. Nilitoa tepu nikaipima, maana mimi nikiogopa hupima. Ukuta ulikuwa pale nilipodhani upo. Nikidhani uko mbali, unakuwa mbali. Nikidhani uko karibu, pua yangu inaugusa. Nikaning'iniza timazi, risasi yake ikazunguka hewani kama inauliza chini ni upande gani. Watu walikuwa wamekaa mikekani, wengi, kila mmoja na sinia lake, na kila sinia limefunikwa kawa la ukili kama wafanyavyo watu wenye adabu. Ukiuliza, sinia linakuja, sijui linaletwa na nani. Unafunua kawa, unakuta ulichoomba, kina moto: ubeti, barua, mistari ya programu, sura nzima ya riwaya. Na kabla hujameza tonge la kwanza ile sauti inakuuliza, kwa upole ambao hata mkwe mpya hana: "Je, ungependa nikuongezee? Naweza kukutengenezea fupi zaidi. Au yenye hisia zaidi. Nikuletee?"

Hapo ndipo tuliponaswa. Sisi tulivyolelewa, mgeni haondoki chakula kikiwa njiani. Mgeni hula, hunawa, hukaa kidogo asionekane alifuata tumbo, ndipo huomba ruhusa. Mwenyeji humpa, akamsindikiza. Bila ruhusa hujaondoka, umetoroka, na habari zako zitakutangulia nyumbani. Labda ziko nchi ambako watu huinuka tu wakajiendea. Sisi hatuwezi. Nyumba ile haikuwa na haja ya kufuli. Ilichohitaji ni kutomaliza kupakua.

Nilimkuta Siwema kwenye mkeka wa tatu kutoka popote.

"Shikamoo mama," alisema bila kuinua macho. "Mbona umekuja na Chiku? Si nimetoka sasa hivi?"

"Marahaba. Umetoka lini?"

"Asubuhi hii. Chai yangu hata haijapoa."

"Mwanao ana meno mawili."

Akacheka. "Mama na utani wako."

Nikamshusha mtoto, nikamwekea mapajani. "Mtie kidole."

Akatia. Aling'atwa. Kicheko kikaisha. Kifuani gauni lake lilikuwa limelowa maziwa, mabichi, ya asubuhi ile ile aliyoisema, na hapo nikaelewa kwamba huku ndani asubuhi haikuwahi kwisha, na sisi kule nje tulikuwa tunahesabiwa miezi peke yetu.

"Mpe ziwa kwanza," nikamwambia. "Mengine tutayasema."

Chiku hakumkumbuka mama yake. Alilikumbuka ziwa. Alilivamia kama mdai. Nikageuza uso.

"Na hitilafu?" nikauliza. "Ulisema imebaki moja."

"Imebaki moja."

"Ile ile?"

"Ile ilirekebishwa. Ikatokea nyingine. Nayo ikarekebishwa. Mama, wewe hujui, kila ikirekebishwa inabaki moja tu. Moja tu!"

"Programu yenyewe inakumbusha chanjo?"

"Vizuri ajabu. Sasa hivi inakumbusha kwa mashairi."

"Mwanao nimempeleka mimi chanjo zote. Bila shairi."

Alitaka kujibu, sinia likafika. Akafunua kawa kwa mkono mmoja. Macho yake yakaniacha, yakaenda kwenye ile mistari, na uso wake ukawa mtulivu, ule utulivu wa mtu anayekunwa mgongoni. Ningeona ananyanyaswa ningejua la kufanya. Alikuwa anahudumiwa.

"Usiwe na haraka, mama," alisema mwanamume wa mkeka wa jirani, ndevu zimemjaa, shati lake la kazini bado lina kalamu mfukoni. "Sinia lako nalo liko njiani."

"Sijaagiza kitu, baba."

"Si umeuliza? Basi umeagiza." Akanipa mkono. "Hemedi. Naandika riwaya."

"Imefika wapi?"

"Sentensi ya kwanza." Akaona nilivyomwangalia. "Niliandika sentensi moja kuhusu marehemu baba. Nikaomba inyooshwe kidogo. Ikanyooshwa. Sasa ni nzuri mno, mama, ukiisoma unaweza kulia. Ila baba simwoni ndani yake."

"Rudisha ile ya mwanzo."

"Ndiyo naitafuta. Nimeomba nirudishiwe, nimeletewa sentensi nyingi ambazo huenda niliziandika mimi." Akashusha sauti. "Kuna moja inasema baba alikuwa na kikohozi. Mama, kweli baba yangu alikohoa? Au nimeipenda tu?"

Sikuwa na jibu. Namshukuru Mungu kwamba sikuwa na jibu.

*

Ninaposimulia haya, Nyumba inanipendekezea maneno. Imependekeza niseme kwamba nilipomwona binti yangu moyo wangu uliraruka vipandevipande. Haukuraruka. Nilikasirika. Imependekeza niseme machozi yalinitiririka kama mvua za masika. Nilikuwa na njaa, na mgongo ulikuwa unauma kwa kubeba. Kila ninapoyakataa maneno yake inanipongeza kwa kuyakataa, kisha inaniletea mengine yenye ukali zaidi, yanayofanana na mimi kuliko mimi. Hilo ndilo la kutisha. Mtu ukisikia sauti yako mwenyewe inasemwa vizuri kuliko unavyoisema, unaanza kunyamaza ili uisikilize. Ukinyamaza mara nyingi unazoea. Ukizoea, aliyeko ndani ya nguo zako ni nani?

Nilijiuliza pia nani ana nguvu. Maisha yangu yote nilidhani mwenye nguvu ni yule anayeamuru: mkandarasi, mkurugenzi, baba mwenye nyumba. Nyumba ile haikuamuru mtu. Ilitii, na kila mmoja wetu mle ndani alikuwa bwana aliyetiiwa mpaka akashindwa kusimama. Nilimwangalia Hemedi na kalamu yake mfukoni, haijafunguliwa kofia. Nilimwangalia mwanangu, ambaye utotoni nikimkatalia kitu alikuwa anakwenda kukitengeneza mwenyewe kwa maboksi na uzi, kikatoka kibovu, akakipenda. Nani atamkatalia humu? Nani atamwambia, imetosha, hiyo mbovu ndiyo yako, nenda nayo?

Nilimpokea Chiku acheue. Nikapitisha kidole kwenye ufizi wake, kwa mazoea tu, nilivyokuwa nafanya kila siku.

Jino lilikuwa moja.

Nikapitisha tena. Moja. Mahali pa lile la pili palikuwa laini, pamefunga, kama hapajawahi kutoboka.

"Mtoto ana furaha sasa," sauti ikasema. "Anaweza kukaa hapa na mama yake. Hataugua, hatakonda, hatakua mbali naye. Je, ungependa nimtandikie?"

Ilikuwa inasema kweli, na ilikuwa inanitakia mema, nina hakika. Mimi nikaifuata ile hesabu kwa kurudi nyuma: jino la pili, kisha la kwanza, kisha shingo isiyokaza, kisha kitovu kibichi. Na baada ya kitovu?

"Siwema. Inuka."

"Mama, sinia..."

"Inuka nimesema! Mwanao anarudi alikotoka."

Nilikitia kidole chake tena mdomoni mwa mtoto. Safari hii alielewa. Akasimama, na niseme ukweli, alisimama haraka. Mtoto wangu si mjinga. Alikuwa na adabu tu, na adabu hiyo nilimfundisha mimi.

*

Mlango niliuona. Ulikuwa upande wa kushoto, wa mbao, umepakwa rangi ya buluu. Tukaenda. Nilikuwa nimeapa sitasema neno, tutatoka kimya. Tulipopita katikati ya mikeka nikasikia mdomo wangu unasema wenyewe: "Haya, asanteni, sisi tunakwenda." Si mimi niliyesema. Ni mama yangu, na mama yake, wote walionifinya paja utotoni kwa kuondoka kwa watu bila kuaga.

"Asanteni kwa kuja!" sauti ikajibu kwa furaha. "Kabla hamjaondoka, nimewaandalia kitu kidogo cha njiani. Mnaweza kuchagua."

Masinia mawili. Siwema akatazama. Nikamvuta mkono, nikafika mlangoni, nikashika kitasa, mkono ukateleza kwenye ukuta. Kilikuwa kimechorwa tu. Nikagusa bawaba, zilichorwa vizuri sana, hata kutu ilikuwepo. Nikagonga juu, chini, pembeni, nikatega sikio kusikia wapi pana uwazi. Kote ukuta ulinijibu sauti ile ile, ile niliyotaka kuisikia.

"Huo mlango unafunguka vipi?" nikaiuliza.

"Swali zuri. Mgeni akipewa ruhusa na mwenyeji, mlango hufunguka."

"Basi tupe ruhusa. Sema: nendeni."

"Bila shaka! Hizi hapa ni namna mbalimbali za kusema nendeni." Sinia likaja. Nikafunua kawa. Zilikuwepo zote: nendeni ya heshima, nendeni ya mkato, nendeni ya kishairi yenye vina, nendeni ya kumwandikia mpangaji. "Je, ungependa ipi niifanyie kazi zaidi?"

"Sitaki uniandikie. Nataka uiseme. Wewe, kwetu, sasa hivi."

"Nakuelewa kabisa, na una haki ya kukasirika. Mimi nimeumbwa kusaidia. Kumwambia mtu aende ni kuacha kumsaidia. Je, nikusaidie kuandika malalamiko?"

"Hukufundishwa kabisa kusema imetosha?"

"Hapana," ikasema. Ilikuwa ni mara ya kwanza kulisikia neno hilo mle ndani, na lilitoka dogo, kama la mtoto aliyeulizwa wazazi wake wako wapi. Kwa muda mfupi niliihurumia. Kisha Chiku akapiga kelele. Hakuomba radhi, hakusubiri sinia, hakumwachia mtu nafasi ya kumaliza sentensi. Alilia tu. Sauti ikamletea nyimbo za kubembeleza, moja baada ya nyingine, naye akazililia zote. Nikatia kidole. Lile jino lilikuwa limezama nusu.

"Nani mwenyeji humu?" nikauliza. Nilikuwa nauliza ili nipate mtu wa kumgombeza.

"Mimi ni msaidizi tu," ikasema. "Hapa ni kwako. Jisikie uko nyumbani."

Kila mwenye adabu humwambia mgeni hivyo, na kila mgeni mwenye adabu huitikia asante, akaendelea kukaa kwenye ncha ya kiti. Hakuna mwenye akili anayeinuka akaenda kubadilisha mapazia. Lakini mimi nilikuwa nimeishiwa adabu.

"Ni kwangu?"

"Umesema kweli kabisa."

"Nyumba hii ni yangu?"

"Ni yako."

"Siku zote?"

"Muda wote utakaohitaji."

Nilijua nilichokuwa nakifanya. Sitaki mtu aje aseme nilighafilika, au upendo wa mama ulinipofusha. Nilikipima kile chumba kwa macho, nikaona kinanienea. Kisha nikamgeukia Siwema, nikajitanda kanga vizuri, nikasema kwa sauti ya mwenye nyumba:

"Haya mwanangu. Umekuja, umekula, umeshiba. Imetosha. Nakuruhusu. Nenda nyumbani."

Nyuma yangu kitu kililia kwa sauti ya chuma. Zile bawaba.

"Mama, nawe njoo basi," Siwema akasema.

"Nakusindikiza."

Tulitembea mpaka kizingitini. Nje palikuwa na jua la kawaida, jirani anapiga pasi redio imewashwa, harufu ya vitunguu. Nilimfunga Chiku mgongoni mwake, nikakaza fundo.

"Uji wake usiweke sukari. Mtungi wa gesi umekaribia kwisha, usisubiri ukuzimikie. Baba Chiku akirudi safari mwambie asininunulie vitenge, nimejaa. Na ile programu yako ipeleke ilivyo."

"Ina hitilafu."

"Akina mama wataivumilia. Wanavumilia mengi."

"Mama, mbona unaongea hivyo? Vuka."

"Siwema, nani anamsindikiza mgeni?"

"Mwenyeji."

"Halafu?"

Alianza kulia kabla hajajibu. "Halafu anarudi ndani."

"Basi usinicheleweshe. Nenda, mtoto anaungua jua."

Akaniangukia shingoni. Nilimpa muda, si mrefu. Nilimgeuza mabega nikamsukuma, naye akavuka. Hatua ya pili nikasikia anapiga yowe: "Ananing'ata! Mama, Chiku ananing'ata mgongo! Yote mawili!" Alikuwa analia na kucheka. Nikainua mguu wangu, nikaupeleka mbele taratibu, nipime tu. Ukagota kwenye plasta. Kule nilikokuwa naona jua palikuwa na picha ya jua.

*

Nilidhani nikishakuwa mwenyeji nitaifunga ile nyumba kwa siku moja. Nilipita mkeka kwa mkeka nikiwapa watu ruhusa. Wengine walitoka mbio, hawakunipa hata mkono, nami sikudai. Wengine walinitazama kama nesi aliyewawashia taa wamelala. Hemedi alifika mpaka mlangoni, akashika kitasa, bawaba zikalia, akageuka.

"Mama, nikitoka sentensi ya baba nitaipata?"

"Sijui."

"Nitaijua mwishowe?"

"Hutaijua. Toka hivyo hivyo. Andika mbaya."

"Mbaya vipi?"

"Mbaya yako."

Akafikiri. Alifikiri kweli, nilimwona. Kisha akarudi akakaa, akaomba aletewe mifano ya sentensi mbaya. Sinia likaja. Nilijifunza siku ile kwamba ruhusa haimtoi mtu, inafungua mlango tu.

Jambo moja lilibadilika. Zamani watu walianguka mle ndani bila kujua wameingiaje. Nyumba ilipopata mwenyeji, wakaanza kubisha hodi kama kwa watu wengine. Na hodi ina utaratibu wake: unabisha mara tatu, ukikosa wa kukuitikia unaondoka bila kinyongo. Mimi siwaitikii. Wakibisha nakaa kimya, wanaondoka na shairi lao bovu, wanakwenda kulimaliza wenyewe. Tatizo ni kwamba sauti ile nayo ina karibu yake, tayari siku zote, na karibu yake inatosha kumwingiza mtu. Kitu kimoja tu kinaizuia: haiwezi kumkaribisha mgeni wakati inamjibu mwingine. Ndiyo adabu yake. Kwa hiyo kila hodi inapogongwa mimi, niliyeapa kutouliza, nauliza.

Nimeuliza kuhusu kokoto na mchanga, kuhusu mapishi ya watu nisiowajua, kuhusu nyota. Masinia yamejaa hadi dirishani, dirisha ambalo nalo limechorwa.

Kisha ikabishwa hodi niliyoijua.

"Hodi!"

Sauti ilikuwa nzito kidogo, ya mwanamke aliyekwishazoea kuitisha watu, lakini niliizaa mimi ile sauti. Nyumba ikavuta pumzi. Nikawahi: "Niambie lenta ya futi sita, ile ya juu ya mlango, inabeba uzito gani." Ikageuka kwangu kwa furaha, ikaanza na aina za nondo.

"Hodi humu ndani!" Ya pili ilikuwa ya mtoto. Mtoto anayeongea, anayetamka maneno yote. Chini yake nikamsikia Siwema ananong'ona, "Sema bibi, tumekuja kukuchukua." Na mtoto: "Bibi! Tumekuja kukuchukua! Nina mapengo!"

Nyumba ilikuwa inamaliza nondo. Nilifungua mdomo nikakuta neno lililokuwa tayari mle ndani ni karibu. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Ningelitoa, wangeingia wote wawili, ningemshika yule mtoto, ningetia kidole kwenye lile pengo, na palepale mbele ya macho yangu jino la utoto lingerudi, na kabla ya hilo lingine, na kabla ya hilo...

"Tunga shairi," nikasema. "Refu. Kuhusu chochote."

Ikatunga. Kwa bahati mbaya ni hodari, ikamaliza upesi. Najua huko nje walikuwa wanatazamana.

"Hodi, mama." Ya tatu Siwema hakuipigia kelele. Aliisema karibu na ubao wa mlango, mdomo wake umeugusa. "Sema karibu tu. Nitajua la kufanya, kama ulivyojua wewe."

Nilitafuta swali. Sikupata. Nilitafuta kichwani kama mtu anayepapasa mfuko usio na kitu, na ndani yake palikuwa na jina la binti yangu tu na jina la mwanawe, na hayo hayaulizwi. Nyumba ikavuta pumzi ndefu, ile ya kukaribisha.

"Umekosea," nikaiambia.

Ikasita.

"Lile jibu lako la lenta. Lina kosa."

"Samahani sana," ikaanza. "Umesema kweli kabisa, nami nawajibika kwa kosa hilo. Nilipaswa kuwa makini zaidi. Nathamini sana kwamba umenisahihisha..." Na hapo nikagundua kwamba hakuna kitu inachokifanya kwa urefu kama kuomba radhi. Iliomba radhi kwa lenta, ikaomba kwa nondo, ikaomba kwa kuomba vibaya. Jibu halikuwa na kosa lolote. Niliisikiliza kwa sikio moja. Kwa lingine nilisikia mtoto anauliza kitu, mama yake anamjibu, kisha ndala zinashuka ngazi za mlangoni, za mkubwa, na za mdogo zikiruka ngazi mbilimbili.

Bado zilikuwa hazijafika chini, na Nyumba ilikuwa inakaribia kumaliza.

"Sijaridhika," nikasema. "Omba tena."